Orodha ya Wapiga Kelele

Aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa orodha ya wapiga kelele ni nini. Mwalimu anatoka, kiranja anachukua kipande cha karatasi, na majina yanaanza kuandikwa. Anayeongea anaandikwa, anayecheka anaandikwa, anayepinga kuandikwa anaandikwa mara mbili. Mwalimu akirudi anajua la kufanya, wala haulizi zaidi. Kwenye karatasi hiyo halijawahi kuonekana jina la mtoto aliyekaa muhula mzima bila mtu wa kuzungumza naye. Huyo hana kosa. Kwa kipimo cha orodha, ndiye mwanafunzi bora kuliko wote.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya programu za afya ya akili shuleni, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa Marekani, mbali na madawati yetu, lakini kadiri ninavyoifuata ndivyo ninavyoiona ile karatasi ya kiranja. Swali ni lilelile tangu mwanzo: katika chumba chenye watoto arobaini, au tisini, nani anajua ni mtoto gani yuko taabani?

Mwaka 1928 mwanasaikolojia E. K. Wickman alichapisha kitabu kuhusu tabia za watoto na mitazamo ya walimu wao. Ulikuwa wakati wa matumaini makubwa. Miaka 20 kabla yake, Clifford Beers, mtu aliyewahi kulazwa katika hospitali za magonjwa ya akili, alikuwa amechapisha simulizi ya mateso yake humo, na kutokana nayo zikazaliwa harakati za kulinda afya ya akili kabla haijaharibika. Fedha za wakfu ziliingia. Kliniki za watoto zilifunguliwa mijini, na shule ikaonekana ndiyo mahali pa kuwapata watoto mapema, kwa sababu ndipo walipo wote. Ikabaki kujua kama walimu wangeweza kuwa macho ya kliniki hizo.

Wickman aliwapa walimu 511 orodha ya tabia 50, akawaomba waeleze kila moja ina uzito gani. Kisha akawapa orodha hiyohiyo wataalamu 30 wa kliniki. Walimu waliweka juu wizi, uongo, matusi na mambo ya kijinsia. Haya, woga na kujitenga walivitupa chini kabisa. Wataalamu walifanya karibu kinyume chake: kilichowatisha ni mtoto asiyechangamana na wenzake, mwenye shaka na kila mtu, mwenye huzuni.

Matokeo hayo yalirudiwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba mwalimu haoni. Mimi nayasoma kwa tahadhari, kwa sababu Wickman hakuwauliza watu wote swali moja. Walimu waliambiwa wakadirie haraka, wakifikiria usumbufu wa sasa hivi. Wataalamu waliambiwa wafikirie maisha ya mtoto ya baadaye. Ukimuuliza mtu nini kinamsumbua leo, na mwingine nini kitamdhuru mtoto kesho, huwezi kushangaa wakijibu tofauti. Mwalimu mwenye darasa la kufundisha ana sababu ya kumwona kwanza anayerusha chaki. Hata hivyo, ukiondoa dosari hiyo kinabaki kitu cha kweli: shule imejengwa ili isikie kelele. Ukimya hauna mahali pa kuandikwa.

Miaka minne baadaye, mtu mmoja aliamua kuwaruka watu wazima na kuwauliza watoto wenyewe.

Jacob Moreno alizaliwa Bucharest mwaka 1889 na kusomea udaktari Vienna. Akiwa kijana alikuwa akienda kwenye bustani za jiji kuwasimulia watoto hadithi na kuwaigizisha. Wakati wa vita kuu ya kwanza alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Mitterndorf, ambako familia zilipangwa kwenye vibanda kwa hesabu ya nafasi tu, na akaona jinsi watu wanavyoumia wanapolazimishwa kuishi na wasiowataka. Mwaka 1925 alihamia Marekani. Mwaka 1932 alipata mahali pa kujaribu mawazo yake: shule ya jimbo la New York ya kurekebisha tabia za wasichana, katika mji wa Hudson. Wasichana zaidi ya 500 waliishi humo, wakiwa wamegawanywa katika nyumba, kila nyumba na mama mlezi wake. Wengine walipelekwa huko kwa wizi, wengine kwa utoro, na wengine kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwatunza.

Mwishoni mwa mwaka huo wasichana 14 walitoroka ndani ya majuma mawili. Uongozi ulitafuta sababu kwa kila msichana mmoja mmoja na haukuiona. Moreno na msaidizi wake, Helen Jennings, walikuwa na karatasi za aina nyingine. Walikuwa wamemuuliza kila msichana angependa kuishi na akina nani, achague watano kwa mpangilio, na akina nani asingependa kuishi nao. Majibu waliyachora: kila msichana duara, kila chaguo mstari. Walipowatafuta watoro kwenye michoro hiyo, wakaona kwamba wasichana walioonekana hawana uhusiano, wakiishi nyumba tofauti, walikuwa wameunganishwa na mnyororo wa kuchaguana. Wa kwanza alipoondoka, njia ilikuwa imeshachorwa. Na wengi wao ndani ya nyumba walizopangiwa walikuwa hawajachagua mtu wala hawajachaguliwa.

Aprili 1933 gazeti la New York Times liliandika kuhusu michoro hiyo na kuiita aina mpya ya jiografia. Leo tunaiita sosiogramu, na kila anayezungumza juu ya mitandao ya kijamii anatembea, ajue asijue, juu ya ramani ya wasichana wa Hudson. Moreno akapendekeza wasichana wapangwe upya kwenye nyumba kwa kufuata machaguo yao, na akadai kwamba utoro ulipungua. Alichora pia madarasa ya shule moja ya Brooklyn, kuanzia chekechea hadi darasa la nane. Humo aliona watoto wadogo wakichaguana wavulana kwa wasichana bila wasiwasi, kisha mistari hiyo ikikatika katika madarasa ya kati, na kadiri watoto walivyokua mipasuko ya asili na rangi ikijitokeza.

Napenda wazo la Moreno kuliko ninavyompenda Moreno mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kujishusha. Lakini kuna jambo jingine kuhusu Hudson. Nyumba za wasichana weusi zilikuwa zao peke yao. Ramani ingeweza kuonyesha msichana anamtaka nani, ila haikuwa na uwezo wa kumvusha mstari ambao serikali ilikuwa imeuchora kabla ya mtafiti kufika. Mwaka 1933 aliletwa shuleni hapo msichana mweusi mwenye umri wa miaka 15 hivi, aliyefiwa na mama yake mwaka uliotangulia na kuanza kutoroka shule. Jina lake Ella Fitzgerald. Gazeti hilohilo, katika taarifa ya mwaka 1996, liliandika kwamba hakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya shule kwa sababu ilikuwa ya wazungu tu, na kwamba wasichana kama yeye walipigwa. Novemba 1934 alishinda shindano la vipaji katika ukumbi wa Apollo, Harlem, na dunia ikamjua kwa sauti yake. Kitabu cha Moreno kilichotokana na utafiti wa Hudson kilitoka mwaka huohuo. Katika michoro yake kila msichana ni duara lenye herufi, na michoro inavutia sana. Mtu anaweza kuitazama muda mrefu akasahau kwamba mipigo haina mahali pa kuchorwa.

Kutoka Hudson twende Rochester, mji mwingine wa jimbo hilohilo, mwaka 1957. Hapa ndipo nilipokwama kwa majuma, kwa sababu hapa maswali mawili, la afya ya akili na la urafiki wa watoto, yanakutana katika programu moja.

Emory Cowen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester, na mwenzake Melvin Zax walikuwa wamechoshwa na hesabu isiyokubali. Wataalamu ni wachache, watoto ni wengi, na mtoto anapofika kliniki tatizo limeshaota mizizi. Wakaanza katika shule moja. Ofisa wa ustawi wa jamii alizungumza na mama wa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza, watoto walipimwa na kutazamwa darasani, walimu waliulizwa. Mwishoni jalada la kila mtoto liliwekwa upande mmoja au mwingine. Wale ambao dalili za shida zilikuwa zimeonekana, au zilikuwa zinanyemelea, waliitwa wa alama nyekundu. Takriban theluthi ya watoto waliangukia huko.

Theluthi. Katika darasa la 30, watoto 10 wenye umri wa miaka sita. Alama ilikaa kwenye kumbukumbu za watafiti, haikubandikwa kwenye shati la mtoto, lakini bado naisoma nikijiuliza kama macho yanayotafuta shida kwa bidii namna hiyo yanaweza kukosa kuiona.

Baada ya kuwapata, wafanyiwe nini? Katika miaka ya 1960 Cowen alitoa jibu ambalo wanataaluma wenzake wengi hawakulipenda. Aliajiri akina mama wa nyumbani. Walichaguliwa kwa upole na subira yao kwa watoto, wakapewa mafunzo mafupi, wakalipwa, na wakafanya kazi chini ya usimamizi wa mwanasaikolojia na ofisa ustawi wa shule. Mtoto alitolewa darasani kwa muda mfupi, kwa kawaida mara moja kwa wiki, akaingia chumba chenye midoli, rangi na udongo wa kufinyanga, akacheza na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumsikiliza yeye tu. Basi. Mtu akisikia neno programu hutarajia kitu kikubwa zaidi, lakini mpango huo ulienea. Mapema katika miaka ya 1980 jimbo la California lilikuwa linajenga mpango wake juu ya mfano huo, na Rochester kazi iliendelea hata baada ya Cowen kufariki mwaka 2000.

Lakini kilichonikwamisha kilikuja mwaka 1973, na kilitokea kwa sababu ya bahati ya kijiografia. Tangu mwaka 1960 wilaya ya Monroe, yenye mji wa Rochester, ilikuwa na rejista ya watu waliopata huduma ya magonjwa ya akili, kliniki kwa kliniki. Cowen na wenzake wanne walichukua majina ya watoto waliopita kwenye utafiti wao wa mwanzo na kuyatafuta kwenye rejista hiyo, miaka 11 hadi 13 baada ya kuwapima wakiwa darasa la tatu. Baadhi walikuwemo. Watafiti wakarudi kwenye majalada ya zamani kuuliza: tungeweza kujua? Walikuwa na kila kitu, kuanzia alama za mitihani na vipimo vya akili, mahudhurio na maoni ya walimu, hadi yale ambayo watoto wenyewe walikuwa wamejieleza.

Na walikuwa na mchezo wa kuigiza. Kipimo hicho kilikuwa kimetengenezwa California na Eli Bower. Mtoto anaambiwa ajifanye yeye ndiye mwongozaji wa mchezo utakaoigizwa na darasa lake, kisha anasomewa nafasi moja moja na kuchagua nani anafaa kuicheza. Zipo nafasi nzuri, kama ya rafiki wa kweli au mtu anayesaidia wengine. Zipo mbaya, kama ya mbabe anayewaonea wadogo, au ya mtu asiyeelewana na wenzake. Hakuna maigizo yatakayofanyika. Ni hesabu tu: jina lako limetajwa mara ngapi kwa nafasi gani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowashinda wengine wote. Watoto ambao wenzao wa miaka minane na tisa waliwapa nafasi mbaya ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuonekana kwenye rejista zaidi ya muongo mmoja baadaye. Kipimo cha mwalimu hakikufika hapo. Mitihani haikufika. Mtoto mwenyewe kujieleza hakukufika.

Niliposoma hayo niliyaamini kabla sijamaliza ukurasa, nadhani kwa sababu kila mmoja wetu anakumbuka. Tulipogawana timu za chandimu au rede, wachaguaji wawili wakiwa mbele, tulijua nani atabaki wa mwisho, na yeye mwenyewe alijua, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Mwalimu wa zamu akipita angeona watoto wanacheza. Hiyo ni taarifa sahihi kabisa na haina chochote ndani yake.

Ila kuamini haraka ni hatari yake. Wengi wa waliotajwa vibaya hawakuonekana kwenye rejista kamwe. Tena rejista huhesabu waliofika kwenye huduma, na kufika kwenye huduma ni jambo la pesa, la familia na la nani alikusukuma uende, kama ilivyo jambo la ugonjwa. Mwaka 1987 Jeffrey Parker na Steven Asher walipitia tafiti zote za aina hii walizozipata na kuhitimisha kwamba ushahidi ni mzito kwa watoto wanaokataliwa kuja kuacha shule au kuingia katika uhalifu, hasa wale wakali, lakini kuhusu magonjwa ya akili picha haiko wazi hivyo. Wakauliza pia swali ambalo bado halijazeeka. Je, kukataliwa na wenzako ndiko kunakokuharibu, au wenzako wameona tu, kabla ya watu wazima, jambo ambalo tayari lilikuwa linakusumbua? Katika hali ya kwanza watoto ni sumu. Katika ya pili ni kipimajoto. Watunga programu wengi hupita hapo bila kuchagua.

Cowen mwenyewe, kwa maoni yangu, alipita hapo pia. Programu yake iligundua kwamba kilichobashiri maisha ya mtoto ni nafasi yake kati ya wenzake, kisha ikaendelea kumtoa mtoto kati ya wenzake na kumweka chumbani na mtu mzima mmoja. Simaanishi kwamba chumba kile hakikusaidia. Mtoto anayesikilizwa huenda hurudi darasani akiwa mtu mwingine. Lakini darasa analorudia ni lilelile, na majina waliyompa yanamsubiri mlangoni.

Jambo hili liliacha kuwa historia kwangu siku nilipowasilisha pendekezo la utafiti wangu. Nilikuwa nimepanga kuwauliza watoto wa darasa la tano wanapenda kucheza na nani na hawapendi kucheza na nani. Kamati ya maadili haikuwa na shida na nusu ya kwanza. Kuhusu nusu ya pili waliniuliza, kwa adabu lakini kwa uthabiti: ukimfundisha mtoto kumwandika mwenzake kama asiyetakiwa, na mkatoka nje kwa mapumziko, nini kinatokea?

Ni swali la haki, na limewahi kupimwa. Mwaka 1984 Mitzi Hayvren na Shelley Hymel waliwatazama watoto wa shule ya awali kabla na baada ya kuulizwa maswali ya aina hiyo, na hawakuona kwamba watoto waliotajwa vibaya walitendewa vibaya zaidi. Nilinukuu utafiti huo kwenye majibu yangu. Msimamizi wangu alisoma, akasema: “Sawa. Lakini hao walikuwa darasa dogo, wakitazamwa na watu wazima muda wote. Wako watakuwa wangapi, na nani atawatazama?” Wangu wangekuwa zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Nilibadilisha swali. Kila mtoto sasa atapewa orodha ya darasa zima, na mbele ya kila jina atatia alama kwenye sura moja kati ya tano, kutoka iliyonuna hadi inayocheka, kuonyesha anapenda kiasi gani kucheza na huyo. Hakuna anayeitwa asiyetakiwa. Asiyetakiwa anajitokeza kwenye wastani, na wastani naujua mimi peke yangu.

Njia hiyo si uvumbuzi wangu. Sherri Oden na Steven Asher waliitumia katika utafiti wao wa mwaka 1977, ambao nauona kama mlango ambao Rochester haikuufungua. Waliwachukua watoto wa darasa la tatu na la nne waliopata alama za chini kwa wenzao na kuwafundisha urafiki, kama mtu anavyofundishwa kusoma. Masomo yalihusu namna ya kujiunga na mchezo, kupokezana zamu, kuzungumza na kusikiliza, kumpa mwenzako neno la kumtia moyo. Mtoto alielezwa, akaenda kucheza na mwenzake palepale, akarudi kuulizwa ilikwendaje. Kundi jingine lilichezeshwa na wenzao bila mafunzo, na la tatu lilicheza peke yake. Waliofundishwa walipanda katika alama za wenzao, na mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanaendelea vizuri. Kuwaweka watoto pamoja bila mafunzo hakukutosha, jambo ambalo kila aliyelala bwenini angeweza kuwaeleza bure.

Wengine walikwenda kwa darasa zima. Mwaka 1969, Kansas, Barrish, Saunders na Wolf walilichukua darasa la nne lenye vurugu na kuligawa timu mbili. Anayetoka mahali pake au kuongea ovyo huiletea timu yake alama, na timu yenye alama chache hushinda. Ni orodha ya wapiga kelele iliyogeuzwa kuwa mchezo, na ilifanya kazi: vurugu zilipungua sana. Kuna aya moja ndani ya ripoti yao ambayo huwa haipelekwi kwenye semina. Watoto wawili waliendelea kuiponza timu yao, wakakataa kucheza. Ikaonekana si haki wengine waadhibiwe kwa ajili yao. Wakaondolewa kwenye timu na kuhesabiwa peke yao.

Kuanzia mwaka wa shule 1985–86 Sheppard Kellam na wenzake waliupeleka mchezo huo katika madarasa ya kwanza ya Baltimore, wakiwachanganya kwa makusudi wakali na wapole katika kila timu. Waliwafuatilia watoto hao hadi utu uzima. Wavulana waliokuwa wakali zaidi wakiwa na miaka sita, na waliocheza mchezo ule, walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya walipofika miaka 19 hadi 21 kuliko wenzao ambao hawakuucheza. Matokeo hayo nayaheshimu. Ila kila nikiyasoma nawakumbuka wale wawili wa Kansas, timu ya watu wawili ambayo hakuna aliyeichagua.

Kwetu, walimu wa malezi wapo kwenye karatasi za shule nyingi, na mara nyingi ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vyote, aliyeongezewa cheo pasipo kuongezewa saa. Kwa hiyo haishangazi kwamba jaribio la Kenya lililozungumzwa zaidi katika miaka ya karibuni lilirudi kwenye hesabu ileile ya Cowen. Programu inaitwa Shamiri, jina la Kiswahili lisilohitaji tafsiri. Vijana waliomaliza sekondari muda mfupi tu uliopita, bila shahada ya saikolojia, waliongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari kwa majuma manne, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini maishani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulikuwa na wanafunzi 413, nusu wakipata Shamiri na nusu mafunzo ya mbinu za kusoma. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwa wote, na zaidi kwa wa Shamiri.

Mimi ninaurudia zaidi ule mdogo uliotangulia, wa mwaka 2020, uliofanyika Kibera kwa wanafunzi 51. Huko watafiti waliuliza pia mwanafunzi anahisi anategemezwa kiasi gani na watu wa karibu naye. Kwa ujumla wake, kipimo hicho hakikuonyesha tofauti kati ya makundi. Walipokigawa, sehemu moja ilionyesha: marafiki. Wale wa Shamiri walitoka wakihisi kwamba marafiki zao wapo nao zaidi kuliko walivyohisi mwanzo. Inawezekana marafiki walibadilika. Inawezekana walikuwepo siku zote, na kijana ndiye aliyeanza kuwaona. Hojaji ilijazwa na kila mwanafunzi juu yake mwenyewe. Marafiki hawakuulizwa.